Nyatiti, Gitaa la Umeme na Enanga ya Rubafu

Majuma mawili yaliyopita nilikuwa nyumbani Rubafu, Bukoba Vijijini, kwenye msiba wa jamaa yetu. Wenyeji wa Kagera hamna haja ya kuelezwa Rubafu. Migomba imeshuka karibu na maji, mitumbwi imepangwa ufukweni, na mvua haina adabu: hutoka ziwani alfajiri ikakukuta bado umejifunika blanketi.

Jioni ya siku ya mwisho, wageni wa mbali wakiwa wameshaondoka, wazee walikaa uani na vibuyu vyao vya lubisi, na mzee mmoja akaletewa enanga. Kwa msikilizaji wa Dodoma au Tanga ambaye hajaiona, enanga ni ubao mrefu uliochongwa kwa kuchimbwa katikati, umbo lake kama hori dogo, na juu yake uzi mmoja mrefu umepitishwa kwenda na kurudi mpaka ukawa safu ya nyuzi. Mpigaji hukaa nayo, akapiga na kusimulia. Husimulia habari za watu walioishi zamani, vita, wivu, mapenzi, na habari za Mugasha, mungu wa ziwa na tufani. Msidhani haya ni mambo ya walevi wa jioni. Profesa Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizifanyia tendi hizi utafiti wa miaka mingi, akathibitisha kwamba ni tendi kamili, zinazostahili kuwekwa meza moja na tendi za mataifa mengine.

Basi mzee alipiga, na sisi tukatulia. Alipomaliza, mjukuu wake, kijana fundi umeme anayeishi Bukoba mjini, akatoa simu yake na kusema, "Babu, sikiliza na hii." Ilikuwa ni enanga hiyo hiyo, wimbo huo huo. Kijana alikuwa amebandika kinasa sauti kidogo kwenye ubao, akaongeza ngoma za kizungu na gitaa la umeme lenye ule mkwaruzo wa muziki wa roki, kisha akaimba yeye mwenyewe kwa sauti ya juu.

Mzee hakungoja wimbo uishe. "Umeichafua," alisema. "Enanga si ya kupigiwa kelele." Kijana akajibu kwamba bila kelele hiyo hakuna mtu wa rika lake atakayeisikiliza. Mama mmoja akamtetea kijana, mzee mwingine akasema vijana wa siku hizi hata kuomba ruhusa hawajui. Ikawa vurugu ndogo ya kifamilia. Hatimaye, kama ilivyo kawaida yetu, wakamgeukia mwandishi wa habari. "Haya, waitu, wewe mtu wa redio, kazi yako ni nyimbo na maneno. Amua."

Sikuamua. Nilisema nitajibu redioni, wakacheka wakidhani natafuta mlango wa kutokea. Mazungumzo ya leo ndiyo jibu langu, na nitaanza mbali kidogo, ng'ambo ya ziwa letu.

Mwaka 1956 alizaliwa Mombasa mtoto wa Kijaluo aliyeitwa Job Seda. Wazazi wake wote wawili walikuwa wanamuziki, na muziki wao ulikuwa wa Kijaluo. Mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi walisafiri naye kwenda Marekani, ambako waliupiga muziki huo mbele ya wanafunzi wa vyuo. Fikirini mtoto wa umri huo amekaa pembeni ya jukwaa ugenini, anawatazama baba na mama yake wakiimba kwa lugha ya nyumbani, na wageni wamekaa kimya wanasikiliza. Watoto wengi wa Kiafrika wa wakati ule walifundishwa shuleni kwamba vya kwao ni vya kuachwa mlangoni. Huyu aliona kwa macho yake kwamba vya kwao vinaweza kujaza ukumbi.

Sasa mtu angetegemea kwamba mtoto wa nyumba kama hiyo angekua na kushika nyatiti moja kwa moja. La hasha. Alipokuwa kijana Nairobi, katika miaka ya 1970, alishika walichoshika wenzake, yaani muziki wa roki na soul. Aliingia katika bendi iliyoitwa Black Savage, vijana wa mjini wenye magitaa ya umeme. Nairobi ya wakati ule ilikuwa inameza kila kitu: rumba ya Kongo, benga, santuri za Marekani na Uingereza. Bendi hiyo ilikuwa upande wa santuri hizo. Mzee wetu wa Rubafu angewasikia, bila shaka angesema neno lile lile alilomwambia mjukuu wake.

Lakini ndani ya bendi hiyo ya kelele, katikati ya miaka hiyo ya 1970, ulitoka wimbo mmoja wa Kijaluo ulioitwa "Kothbiro". Maana yake ni kwamba mvua inakuja. Ni wimbo wa mambo ya nyumbani kabisa: mawingu yamefunga, watoto wanaambiwa warudishe ng'ombe. Hapana falsafa wala siasa ndani yake. Mvuvi wa Rubafu anayetazama ziwa likigeuka rangi saa kumi na moja alfajiri hahitaji mkalimani wa wimbo huo. Uwekeni akilini, maana tutakutana nao tena mara kadhaa.

Mwaka 1979 Job Seda alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band. African Heritage yenyewe ilikuwa nyumba ya sanaa ya Nairobi iliyoanzishwa na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Kenya, pamoja na Mmarekani Alan Donovan. Bendi hiyo iliundwa kwa nia ya wazi ya kuchanganya ala za asili na roki na soul. Hapo ndipo yule mtoto wa jukwaani Marekani alipoanza kurudi nyumbani. Alirudi kwa njia ya mzunguko, kupitia gitaa la umeme. Nasisitiza jambo hili kwa sababu tumezoea kufikiri kwamba mtu anayechanganya muziki ni mtu anayeondoka kwao. Kwa huyu bwana, kuchanganya kulikuwa ndiyo barabara ya kurudia.

Akaikamata nyatiti. Hiki ni kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga nayo ukingo wa ala, na mguuni hufunga njuga. Kwa hiyo mtu mmoja huwa ni mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji kwa wakati mmoja. Zamani nyuzi zake zilikuwa mishipa ya wanyama. Siku hizi mafundi wengi hutumia uzi wa nailoni, ule ule wanaovulia samaki. Nilipomwambia mzee wa Rubafu habari hiyo, hapo tu ndipo aliposogeza kiti. Alitaka kujua ni uzi wa unene gani.

Katikati ya shughuli hizo Job Seda alipita hata kwenye sinema. Mwaka 1985 alionekana katika filamu ya "Out of Africa", ile iliyopigwa Kenya. Wengine wangeridhika na hapo wakaanza kuvaa miwani ya jua. Yeye mwaka uliofuata, 1986, alikwenda Uingereza na nyatiti yake, akabadili jina, akajiita Ayub Ogada. Wapo wanaosema alilitupa jina lake. Mimi nasema wasome Biblia na Kurani. Job ni Ayubu. Mtu yule yule aliyevumilia majaribu, kwa matamshi ya kwetu. Hata katika jina hakutupa kitu. Alilileta karibu na pwani alikozaliwa.

Na majaribu aliyapata. Alipiga nyatiti katika vituo vya treni za chini ya ardhi mjini London, kofia mbele yake, watu wakipita mbio kuwahi kazini. Mwimbaji aliyezoea jukwaa na taa, sasa amekaa kwenye sakafu ya saruji akigonga pete ya kidole cha mguu, na asiyetaka kutupa senti hatupi. Huko ndiko watu wa WOMAD walikomsikia, hilo tamasha la muziki wa dunia ambalo mwanamuziki wa roki Peter Gabriel alishiriki kulianzisha na ambalo lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Walimwalika, na hatimaye mwaka 1993 lebo ya Gabriel, Real World, ikatoa albamu yake "En Mana Kuoyo", maana yake, ni mchanga tu.

Lebo hiyo Watanzania tuna habari zake. Marehemu Remmy Ongala wa Super Matimila, mzaliwa wa Kindu aliyekuja kwetu mwaka 1978, naye mtoto wa mwanamuziki, ndiko alikotolea "Songs for the Poor Man" mwaka 1989. Lakini Remmy alikwenda na bendi nzima, magitaa na tumba. Ayub Ogada alifanya kinyume. Katika albamu ile muziki umepunguzwa kiasi kwamba mtu unasikia hewa iliyo kati ya uzi mmoja na mwingine. Na mle ndani wimbo wetu umo, "Kothbiro". Ule ule wa vijana wa Black Savage, sasa umevuliwa koti la umeme, umebaki nyuzi nane na sauti ya mtu.

Hapo nataka wazee wa Rubafu wanisikilize vizuri. Wimbo huo, ambao leo ukiwekwa mtu yeyote ataapa kwamba ni wa kale, kwamba bibi zake Ogada waliuimba wakichunga, ulizaliwa katika bendi ya roki Nairobi. Gitaa la umeme lilitangulia, nyatiti ikafuata. Kama pangekuwa na mzee mwenye mamlaka ya kuifungia Black Savage kwa kosa la kuchafua muziki, wimbo huo usingekuwepo ili leo tuuite wa asili.

Mwaka 2005 filamu ya "The Constant Gardener", nayo ya Kenya, iliutumia, na watu wa mabara ambayo hayajui Kisumu iko wapi wakalia wakiusikia. Kisha mwaka 2018 mwimbaji wa rap wa Marekani, Kanye West, akachukua kipande cha "Kothbiro", kile cha Black Savage, sauti ya umeme ya zamani, akakiweka ndani ya wimbo wake "Yikes". Kwa hiyo wimbo umekwenda mzunguko kamili: roki ya Nairobi, nyatiti ya London, sinema, rap ya Marekani. Na katika orodha ya watunzi wa wimbo huo wa Marekani yaliandikwa majina mawili ya Wakenya, James Mbarack Achieng na Ayub Ogada.

Majina hayo mawili ndiyo yaliyonikalisha macho usiku ule Rubafu, maana baada ya watu kutawanyika mzee aliniita pembeni akaniambia hoja yake ya kweli. Ile ya kelele ilikuwa ya mbele za watu tu. Hoja yenyewe alisema hivi: "Wimbo huu niliupewa na baba yangu. Naye alipewa na mtu wa Bugabo, na jina lake nalijua. Mtoto huyu akiuweka kwenye simu, kesho uko Kampala, keshokutwa uko wapi sijui. Nani atasema ulitoka kwetu?"

Ndugu msikilizaji, swali hilo sikuwa na jibu lake la haraka, na sisi watu wa redio ndio tunaopaswa kuona haya kwanza. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi nikiwa mwanafunzi wa mazoezi kulikuwa na kanda za wapiga enanga zilizorekodiwa vijijini. Kanda zilikuwa ghali, na siku moja tulipungukiwa. Niliagizwa nichukue zile zilizokuwa na vumbi nirekodie mechi ya mpira. Nilichukua, nikarekodi. Timu zilitoka sare. Juu ya maboksi yalikuwa yameandikwa majina ya wazee kwa kalamu ya risasi, na majina hayo siyakumbuki hata moja. Basi nani amechafua enanga zaidi, yule kijana fundi umeme au mimi?

Kagera tuna mfano wetu wa karibu, nao si wa zamani sana. Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Bukoba, alitoa "Maria Salome", ule wimbo ambao nchi nzima iliuita "Chambua Kama Karanga". Aliimba Kihaya, na watu wa Lindi na Mbeya ambao hawajui neno moja la Kihaya walicheza mpaka viatu vikatoboka. Wapo waliosema kwamba ngoma za Kihaya haziwezi kwenda studio. Zilikwenda. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia kwa mtindo wao wakauita "Salome", na kizazi ambacho mwaka 2001 kilikuwa bado kinanyonya kikamfahamu mama huyo. Vijana walianza kumtafuta Saida kwa sababu ya Diamond. Jina lake lilikuwa limeshashikamana na wimbo, kwa hiyo popote wimbo ulipokwenda, jina liliburutwa pamoja nao.

Kwa hiyo jibu langu kwa mzee ni kwamba hofu yake ni ya haki, ila kuifungia enanga ndani hakutamlinda yeyote. Wimbo usiorekodiwa hauibiwi, ni kweli, lakini hufa pamoja na mwenyewe, na huko nako jina halibaki. Nchi hii ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na ina COSOTA. Sisemi kwamba mpiga enanga wa kijijini atalipwa kesho asubuhi. Nimeishi na wanamuziki vya kutosha nisiwadanganye. Nasema jina liandikwe. La mzee, la baba yake, na la yule mtu wa Bugabo.

Kwa kijana nina maneno makali zaidi, na asinikasirikie. Nilimuuliza anajua tendi ngapi za babu yake. Akasema nyimbo tatu. Nikamwambia aniimbie mmoja mpaka mwisho. Alifika katikati, akaanza kuurudia mwanzo kwa kuongeza gitaa. Hapo ndipo anapoachana na Ayub Ogada. Yule bwana hakubandika nyatiti juu ya roki kama mtu anavyobandika stempu kwenye bahasha. Alikaa chini mtu mzima, mwenye jina tayari mjini, akajifunza kuketi kwenye kigoda, kuvaa pete mguuni, kugonga na kuimba kwa pamoja, mpaka akaweza kusimama bila bendi nyuma yake. Ndiyo maana alipobaki peke yake kwenye sakafu ya kituo cha treni, mtu alisimama kumsikiliza. Je, umeme ukikatika Bukoba, nanyi mnajua umeme wa Bukoba, kijana huyu atabaki na nini mkononi?

Gitaa halina kosa, na mkwaruzo wake mimi binafsi niliupenda, ingawa sikuthubutu kusema mbele ya wazee. Pale katikati ya wimbo, palipokuwa na habari ya Mugasha kuleta tufani, gitaa lile lilinguruma kweli kama radi ya ziwani. Kijana alikuwa amesikia kitu. Hakukisikia chote.

Ayub Ogada alirudi Kenya mwaka 2007, akaishi Nyahera, karibu na Kisumu, mbele ya ziwa hili hili letu. Aliendelea kupiga, na mwaka 2015 alitoa albamu nyingine pamoja na mpiga gitaa Mwingereza Trevor Warren. Kwa hiyo hata mwishoni gitaa na nyatiti vilikuwa bado vinakaa chumba kimoja. Alifariki huko mwanzoni mwa Februari 2019. Magazeti ya Nairobi yalimwita mpiga nyatiti, na ni kweli, lakini bendi za roki za ujana wake nyingi ya taarifa hizo zilizipa mstari mmoja tu.

Kabla sijaondoka Rubafu nilimwachia mzee simu yangu kwa muda, nikamwekea "Kothbiro" mara mbili: kwanza ule wa nyatiti, kisha ule wa Black Savage. Ule wa kwanza alisikiliza amefumba macho. Ule wa pili aliufumbulia macho, akakunja uso, lakini hakuuzima. Ulipokwisha aliuliza ni watu wawili au mmoja. Nikamwambia ni mmoja, ila mara ya pili alikuwa kijana bado.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akamwita mjukuu wake, aliyekuwa anafunga mzigo kwenye pikipiki ili awahi mjini kabla ya mvua. Alimwambia Jumamosi ijayo aje bila kile kinasa sauti, aje na daftari, kwa sababu habari ya Mugasha ina sehemu ambazo yeye kijana hajawahi kuzisikia. Halafu, pikipiki ilipokuwa imeshawaka, akaongeza kwa sauti ya juu kidogo kwamba akija asisahau uzi wa nailoni, ule mnene, wa kuvulia sangara.